Mngoni Atangoja

Daktari wa Mbeya alinionyesha picha ya kichwa changu. Nikaitazama, nikamwambia nimenenepa. Hakucheka. Akamgeukia mwanangu Kalista, akamweleza kwamba presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Ndiyo maana mama anachelewa kujibu, anawaka hasira ghafla, na kuna siku anashinda na mahindi mapajani hapukuchui hata punje. Anaweza hata kucheka au kulia bila kupenda.

"Si jeuri, wala hakurogwa," akasema. "Akili ipo, ila inachelewa kufika. Mpeni nafasi."

Kalista akasikia ugonjwa, nafasi hakuisikia. Akaniweka kwake Mbeya, kisu nisishike, simu nisipokee, uji nakorogewa kama mtoto anayeota meno. Nyumba yangu ya Kalenga akaanza kuitafutia mpangaji.

Ndipo Benjamini akafa. Benjamini alikuwa Mngoni, jirani yangu pale Kalenga, na mtani wangu mimi Mhehe. Wahehe na Wangoni walipigana zamani. Siku hizi tunatukanana tu. Mngoni hazikwi hivihivi: Mhehe anasimama kaburini, anazuia jeneza kwa matusi mpaka wafiwa wamtulize kwa kitu. Mimi na Benjamini tulishaahidiana, atakayebaki atachukua jembe la mwenzake. Jembe lake zuri, nalitamani tangu lilipotiwa mpini mpya.

"Huendi," Kalista akasema. "Utacheka kanisani."

"Nisipoenda watasema nimemroga."

Tukavutana mpaka akalegea, kwa sharti. "Ukisema vizuri kama zamani, mama, utabaki kwako. Ukiniaibisha mbele za watu, tunarudi Mbeya jioni hiyohiyo, na nyumba inapangishwa."

"Sawa. Kanisani nitacheka kimoyomoyo."

Makaburini, vijana walipoinua jeneza nikapita mbele, nikaketi ukingoni, miguu ikining'inia shimoni. Watu wakanyamaza kungoja matusi. Na matusi nilikuwa nayo, nimeyapanga njiani tangu Makambako. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Peupe.

Jeneza likaanza kuwalemea vijana. Padri akakohoa. "Bibi, tuendelee?"

Kalista akanishika kwapani, akanong'ona, "Mama, basi. Inuka twende."

Nikamzaba kofi mkononi. "Niache! Na wewe padri, ngoja. Ngojeni wote!"

Wakangoja. Nikatazama udongo. Taratibu, neno moja likaja, likavuta na jingine.

"Huyu Mngoni maisha yake yote ana haraka! Kula haraka, kuoa haraka, hata kufa kanitangulia, kadhani huko mbele wanagawa nyama. Leo atangoja! Akili yangu inatoka Mbeya kwa miguu. Sasa hivi iko Mafinga, inakunywa chai. Hazikwi mtu mpaka ifike!"

Watu wakaangua kicheko, hata padri akajifuta macho. Nami kicheko kikanishika, lakini si kile nilichokiita mwenyewe. Kikanitikisa, kikakataa kukoma, kikageuka kilio, kamasi na machozi mbele ya kadamnasi. Wakadhani ndio utani wenyewe, wakapiga vigelegele. Kalista peke yake hakucheka.

Lusia, mjane wa Benjamini, akaleta jembe. "Shika, Mhehe mchoyo, utuachie marehemu wetu."

Jioni Kalista akasimama uani kwa Lusia, begi langu mkononi.

"Mama, niambie kweli. Kule makaburini ulikuwa unatania, au ni ugonjwa?"

"Vyote viwili. Nitenganishie wewe, kama unaweza."

"Ulilia mpaka ukashindwa kusimama."

"Nikasimama baadaye."

Lusia akadakia kutoka jikoni, "Mtani wangu haendi popote! Mwenye kunitukana nimebaki naye huyuhuyu. Vidonge nitamsimamia mimi, akikataa namfinya."

Kalista akanyamaza. Akanyamaza kirefu, kunizidi hata mimi. Sikumharakisha, nikampa nafasi. Mwishowe akafungua begi, akatoa vidonge vyangu vya presha, akampa Lusia.

"Kila asubuhi, mama. Na simu upokee."

"Nitapokea. Ila nikichelewa kusema, usikate."

Nikaliweka jembe begani nikashika njia ya kwangu, polepole, katikati ya barabara. Mwenye haraka apite shambani.