Ndoo ya Kome Wadogo

Bwana Samaki wetu, yule afisa wa uvuvi Elineema, alikuwa Mpare wa milimani, na simlaumu mtu kwa alikozaliwa. Namlaumu kwa kuandika.

Kiangazi cha mwaka tisini na sita alitoka Mchombe, akavuka kwa mtumbwi hadi kisiwani kwetu, katikati ya mto Kilombero, kutufundisha kufuga kome. Tulikuwa tumewaokota mpaka wakawa wa kutafutwa kwa tochi, hilo alisema kweli. Akatuonyesha kuzungushia fito pale maji yanapofika magotini, kuwaweka kome ndani na kutoa wakubwa tu. Kila kome apimwe ufukweni kwa kijiti chake chenye alama, na asiyeifikia arudishwe pale pale, saa ile ile, asije akafa.

"Pale pale hapana," nilisema kikaoni. "Ulipotokea majini leo, huingii tena mpaka kesho. Mamba husikia hatua za kwanza, akaja kungojea za pili. Mume wangu Fransisko alirudi kuchukua kafi yake tu."

Watu wakatazama chini. Kisiwani wanasema Fransisko alikuwa amelewa siku aliyochukuliwa na mamba. Wameyasema miaka saba, na binti yetu Valeria amekua akiyasikia. Bwana Samaki akaandika kwenye daftari lake. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikasoma maneno yakiwa kichwa chini: Imani za wenyeji. Hakudhani kwamba mimi Balbina nimefika darasa la nne.

Valeria akachaguliwa katibu wa kikundi. Kwa mwalimu wake alikuwa mtiifu, kwangu alikuwa na majibu. Wiki tatu alirudisha kome wadogo pale pale, nami nikisimama ukingoni na pondo la mtumbwi. Hakuna kilichotokea, na kila siku alinitazama kama anayeuliza, unaona? Nilichoona ni kwamba mamba naye tulikuwa tunamfundisha.

Alhamisi moja asubuhi akainua ndoo ya kome wadogo, akaanza kushuka. Ndege yangeyange wanaoshinda juu ya zile fito hawakuwapo hata mmoja.

"Valeria, rudi."

Akasimama, maji yakimfika vifundoni, akamtazama mwalimu wake.

"Ni hatua chache tu, Mama Valeria," Elineema akasema kwa upole. "Hawa watakufa."

"Basi wapeleke wewe, mwanangu," nikamwambia Elineema.

Sikutegemea angekubali. Akaipokea ndoo, akakunja suruali. Roho yangu mbaya ikasema mwache aende, akajifunze huko huko. Niliiogopa roho hiyo kuliko mto. Nikampokonya ndoo. Ilikuwa na kamba ya kuchotea maji, nikaishika, nikaitupa ndoo mahali ambapo angesimama.

Ikatua. Nikaivuta kidogo, ikapiga maji kama mguu wa mtu. Kimya. Elineema akatabasamu, akafungua mdomo aseme neno. Nikavuta tena, kamba ikanichana viganja. Tuliona taya, tukasikia plastiki ikipasuka, kisha maji yakatulia kama mwanzo.

Elineema akakaa mchangani, suruali bado imekunjwa. Mwishowe akasema tangu siku hiyo tutaokota na kupimia ndani ya mtumbwi, tukielea ndani ya uzio wa fito, na hakuna atakayetia mguu majini. Lilikuwa wazo zuri, nikamwambia hivyo. Tulifuga kome kwa namna hiyo mpaka mvua za Elnino zilipobeba fito zetu.

Asubuhi ile Valeria hakunijia mara moja. Alisimama akitazama damu viganjani mwangu, kisha akachana upindo wa kanga yake, akapiga magoti kunifunga.

"Mama," akasema bila kuinua macho. "Baba hakuwa amelewa."

"Hakuwa amekunywa hata tone."

Akalifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.