Jumapili Mama Alipokwenda Kuona Kriketi

Mama alikuwa na msemo wake wa kunichokoza. "Wewe una mume mwenza," ananiambia. "Huyo kriketi ndiye aliyemuoa mchumba wako kabla yako. Kila Jumapili yuko naye."

Na kweli, Jumapili ndiyo siku ambayo mtu anatarajiwa kwenda kuwasalimia wakwe, na mchumba wangu hakuwa anaonekana kwetu. Alikuwa uwanjani, amechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu, anadaka mpira. Wenzake walimpa jina la Gundi kwa sababu mpira ukishaingia kwenye glavu zake haubanduki. Mama hakumwita Gundi wala hakumwita kwa jina. Alimwita "huyo wako."

Basi timu yao ilipoingia fainali ya kombe la wanawake, nikajikaza kisabuni, nikamwomba Mama aje kutazama. Nilikuwa tayari nimejiandaa kukataliwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Nitakuja. Nikamwone huyo mume mwenzio uso kwa uso."

Mjomba, mdogo wake Mama, akajialika mwenyewe. Mjomba ni kinyozi, na kinyozi kazi yake nusu ni mkasi, nusu ni mdomo. Soka anaijua mpaka ndani, na haamini kama kuna mchezo duniani utakaomshinda kwa zaidi ya dakika tano.

Tulipofika, timu ya Gundi ilikuwa imeshamaliza zamu yake ya kupiga. Sasa wapinzani ndio walioshika magongo, wanajaribu kuzipita alama zao, na akina Gundi wametawanyika uwanja mzima kuwazuia.

"Mbona wamesimama mbalimbali kama watu waliogombana?" Mjomba akauliza kabla hajakaa.

Mama yeye alikuwa anawatazama waamuzi wawili waliovaa makoti meupe. Ni msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo koti jeupe halimpiti hivi hivi.

"Na hao madaktari wanangoja nani aumie?"

"Ni waamuzi, Mama."

"Mh. Wamepigiwa pasi vizuri."

Nikaona nianze somo. Mimi ni fundi umeme, na nilikuwa nimejiandaa tangu jana. Nikasema wapigaji wako wawili, mmoja huku na mmoja kule, kama ncha mbili za waya, na mpira ni kama moto unaopita...

"Mwanangu," Mama akanikata, "usinipige shoti. Niambie kawaida."

Nikamwambia kawaida. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga, halafu yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana nafasi. Kila wakipishana na kufika salama wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukibiringika mpaka kwenye kamba ya pembeni, ni mikimbio minne. Ukiivuka kamba hewani, ni sita. Wale waliotawanyika wanatafuta kumtoa mpigaji: wadake mpira kabla haujagusa chini, au waangushe vile vijiti. Wakitoka watu kumi, zamu imekwisha.

"Timu ina watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Sasa huyo wa mwisho amekosa nini?"

"Hawezi kupiga peke yake, Mama. Lazima wawe wawili."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Amebaki mjane muda mrefu. "Hapo nimeelewa," akasema.

Mjomba hakuwa ameelewa. "Kwa hiyo huyo Gundi ni golikipa?"

"Tuseme hivyo."

"Na vijiti ndiyo goli?"

"Tuseme."

"Golikipa anakaa nyuma ya goli?" Akageuka kutafuta shahidi, hakumpata. "Huu mchezo umevaliwa ndani nje!"

Mrushaji akapita karibu nasi, akisugua mpira mwekundu kwenye suruali yake nyeupe. Mama akashika kifua.

"Anafanya nini yule? Nani atafua?"

"Anang'arisha upande mmoja, Mama, ili mpira upinde hewani."

"Upinde, usipinde, rangi hiyo haitoki. Aloweke leo leo, na maji ya baridi."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mimi naeleza, Mjomba anabisha, Mama anakagua nguo. Wapinzani nao wakawa wanaongeza mikimbio kidogo kidogo. Walikuwa na mpigaji mmoja mrefu ambaye kila akiinua gongo watu wetu walikuwa wanabana pumzi. Ndipo huyo mrefu akakosea kidogo tu. Mpira ukagusa ukingo wa gongo lake, ukaruka moja kwa moja mpaka kwenye glavu za Gundi. Mimi nikasimama kushangilia.

Mpira ukadondoka.

Uwanja mzima ukaguna. Gundi akabaki amepiga goti, anatazama majani. Mimi nilikaa chini nikitamani kiti kinimeze, maana kwa miaka miwili sikuwahi kumwona akiachia mpira kama ule, na leo ndiyo leo, Mama yuko hapa.

"Gundi imekauka," Mjomba akasema, akacheka.

"Nyamaza wewe!" Mama alimgeukia kwa sauti iliyowafanya watu wa viti vya mbele watazame nyuma. "Mtu anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, kutwa nzima. Wewe ukiinama kuokota kitana unashika kiuno!"

Mama akasogeza kiti chake mbele na kuishusha miwani vizuri puani.

"Haya. Ule mstari mweupe mbele ya vijiti ni wa nini?"

"Hapo ndipo mpigaji yuko salama. Akitoka nje ya mstari, mdakaji akaupata mpira na kuangusha vijiti kabla hajarudi, ametoka."

"Hata akitoka hatua moja?"

"Hata kidole, Mama. Asiwe na mguu wala gongo ndani, basi."

Tangu hapo Mama hakuuliza kuhusu nguo.

Ikafika mahali wapinzani wamebaki na wapigaji wawili wa mwisho, yule mrefu akiwa mmojawapo, na wanahitaji mikimbio minne tu. Pigo moja la kufika kwenye kamba, kombe linaondoka. Nahodha akampa mpira binti mdogo wa umbo ambaye hurusha polepole, mpira unazunguka. Na Gundi, ambaye kwa warushaji wa kasi husimama mbali, akasogea mpaka karibu kabisa na vijiti, uso wake nyuma tu ya gongo.

"Atapigwa huyo!" Mjomba akasema, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Anamvizia," Mama akasema kwa sauti ndogo. "Mwacheni."

Mpira wa kwanza, yule mrefu akauzuia. Wa pili pia. Binti akarusha wa tatu, juu kidogo, mtamu kuutazama, mpira wa kumwita mtu. Yule mrefu akaitika. Akapiga hatua mbele, akazungusha gongo kwa nguvu zote, na mpira ukadunda, ukakata kona, ukapita pembeni ya gongo.

Sikuziona glavu za Gundi zikitembea. Niliona tu vijiti vimetawanyika.

"Mguu!" Mama alikuwa amesimama juu ya kiti. Mama yangu, na magoti yake yale, juu ya kiti cha plastiki! "Mguu uko nje! Daktari, mguu uko nje!"

Mwamuzi wa pembeni akainua kidole: ametoka.

Sijui kilichofuata kwa mpangilio. Najua Mjomba alinikumbatia, akamkumbatia na mtu asiyemjua. Najua wale wasichana walirundikana juu ya Gundi mpaka tukamwona kofia tu. Na nilipogeuka kumtafuta Mama, alikuwa ameshavuka kamba, mkoba kwapani, anakata uwanja kama amechelewa kazini.

Gundi alipomwona alijinasua kwenye rundo. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavua glavu haraka, akapiga goti.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe, Jumapili zote hizi..."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, umechuchumaa vya kutosha." Akamshika mikono, akavitazama vidole vilivyovimba, akavifunika kwa vyake. "Ule wa kwanza ulikuponyoka kwa sababu jua lilikuwa machoni. Nimeona mimi."

Gundi akacheka, machozi yakapasua njia kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, hakuna aliyenitazama, na sikuwahi kufurahi hivyo maishani.

Wiki iyo hiyo niliitwa hospitali kurekebisha soketi ya mashine ya kukaushia. Nikakuta kazi imesimama. Mama ameegemeza mipini mitatu ya fagio kwenye kikapu cha shuka, mama mmoja kashika ubao wa kunyooshea, mwingine kashika soksi iliyoviringishwa.

"Huyu akitoka nje ya mstari," Mama anawaambia, "mwanangu anamaliza kazi. Hata kidole tu!"

"Sasa mwisho wake nani alishinda?" akauliza mwenye soksi.

Mama akamtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Sisi," akasema. "Haya, rusha."