Salamu kutoka Wodini

Babu Zisis alikufa Jumatano asubuhi, na mtihani wa kwanza wa mdogo wangu Vaia ulikuwa Ijumaa. Ndiyo shida yenyewe, hakuna nyingine.

Mama alinipigia simu kutoka hospitali ya mji wa Larisa. Mimi niko jikoni, Vaia chumbani kwake anajisomea kwa sauti. Mama akasema babu ametuacha, halafu hata hajashusha pumzi akaniuliza, "Vaia yuko wapi?" Nikamwambia anasoma. Akasema, "Asijue." Basi, ikawa imeamuliwa.

Hakuna aliyebisha. Kwetu Ugiriki mtoto akiwa na mitihani ya kuingia chuo kikuu, nyumba nzima inanyata. Watu wameficha talaka, wameficha saratani. Jirani yetu mmoja alivunjika mkono akakaa nao siku mbili anasema umeteguka tu, mpaka mwanawe akamaliza hesabu. Mitihani ya Vaia ilikuwa minne, ya mwisho Jumanne ya wiki ya tatu. Anataka udaktari, na udaktari ukiteleza kidogo tu kwenye alama umeukosa. Mimi mwaka jana niliifanya hiyo mitihani, nikaambulia alama ambazo baba hajawahi kuzitaja mezani. Kwa hiyo macho yote kwa Vaia.

Babu alikuwa anakaa chumba cha chini nyumbani kwetu. Kabla mapafu hayajamlaza, Vaia alikuwa anashuka kila jioni kumsomea baiolojia. Yeye anakuwa mgonjwa, Vaia daktari. Mzee aliishia darasa la nne lakini seli alikuwa anazijua kuliko mimi. Alipolazwa, mimi ndiye niliyekaa naye, maana sina kazi wala shule. Wiki tatu. Nilimnyoa ndevu, nikambadilisha soksi, nikasikiliza kesi zake na wauguzi. Kila nikirudi nyumbani kuoga, Vaia ananingoja mlangoni, "Kasemaje?" Nampa salamu. Yeye mwenyewe alikuwa kanikabidhi simu yake niifiche mpaka mitihani iishe, isimpotezee muda, kwa hiyo habari zote za babu zilipitia mdomoni kwangu.

Salamu ya mwisho alinipa Jumanne. Alisogeza barakoa ya oksijeni akasema, "Mwambie asivae viatu vipya siku ya mtihani. Vitambana, na mtu anayeumwa vidole hafikiri." Mama alikuwa kamnunulia Vaia viatu vipya vyeupe kwa ajili ya siku hiyo. Nilipofikisha salamu, Vaia akavirudisha kwenye boksi, akatoa raba zake kuukuu zilizochanika pembeni, akasema babu kashatoa amri.

Kesho yake akafa.

Mazishi kwetu hayangoji, kawaida angezikwa Alhamisi. Lakini Alhamisi Vaia yuko nyumbani, kengele ya kanisa ingelia angeuliza ni nani. Baba akaenda kwa padri Rizos, wakapanga Ijumaa saa nne. Saa mbili geti la shule linafungwa, simu haziingii, watahiniwa wanatoka saa tano na nusu. Padri akasema kengele ataipiga kidogo tu, tena baada ya geti kufungwa. Mama akawa anavalia nguo nyeusi kwa jirani, na kuzivulia huko huko, anarudi kwetu na blauzi ya maua.

Kitu kimoja kikatuponyoka. Kijana wa mtu wa majeneza, kwa mazoea, akabandika karatasi za msiba kwenye nguzo za umeme mji mzima. Picha ya babu, jina, saa, kanisa. Njia nzima ya kwenda shule. Alhamisi asubuhi nikachukua baiskeli nikaenda kuzibandua. Unajua ilivyo kubandua babu yako kwenye nguzo? Unafika, anakuangalia, unamchana. Unaenda nguzo nyingine, yuko tena.

Ya tano nilikuwa nimeibandua nusu, bibi Foteini wa duka la nyuzi akatoka. "We Stergios, huna haya. Babu yako hajazikwa, unamng'oa kama tangazo la sarakasi?"

Nikamwambia Vaia atapita hapa kesho.

Akaja, akaanza kukwangua gundi iliyobaki kwa kucha zake. Tukafanya nguzo tatu pamoja. Zilikuwa kumi na nne. Kumi na tatu nilizitupa. Ya mwisho sikuweza, nikaikunja nikaiweka kwenye pochi.

Jioni hiyo baba akaniambia mimi nitakuwa getini. Lazima mtu amngoje Vaia, pengine atatoka mapema akutane na mpumbavu wa kumpa pole. Nikasema mimi ndiye niliyemnyoa mzee wiki tatu, waende wengine getini. Baba hakufoka. Alisema, "Ndiyo maana iwe wewe. Sisi akituuliza ataona. Wewe atakuamini."

Basi Ijumaa nikampeleka. Wenye maduka wote wakamtakia mema, wanacheka kwa meno, wanajua. Akaingia na raba zake kuukuu. Saa nne nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara, mkabala na geti, na upepo ulikuwa unatoka upande wa kanisa. Kengele ikalia mara chache. Nilijaribu kufuata kichwani, sasa wanambeba, sasa wako makaburini, lakini mama mmoja pale pembeni alikuwa ananisimulia habari za tumbo la mwanawe na nikapoteza mahali nilipofika.

Alipotoka, kitu cha kwanza, "Babu kasemaje?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema kakuuliza kama viatu vilibana. Akacheka. Mimi pia nikacheka, na nilivyocheka nikajua kazi yangu imeanza.

Maana aliendelea kuuliza. Akitaka kumpigia namwambia ana barakoa, haongei, ananinong'oneza mimi tu. Kabla ya baiolojia nikamletea salamu hii, "Mwambie daktari wangu nimebakiwa na seli tatu, asizikosee." Akaiandika juu ya daftari lake. Kabla ya kemia nikasema babu kagombana na muuguzi kuhusu supu. Kabla ya fizikia nikasema, "Swali likikushinda liruke, lina subira kuliko wauguzi wa huku." Nilianza kuzipenda, ndiyo aibu yangu. Nilikuwa naendesha baiskeli natunga, nasikia sauti yake kabisa, namjibu. Mchana natoka nyumbani kama naenda Larisa, nakaa kituo cha basi mpaka saa ya kurudi.

Jumanne ya mwisho Vaia alitoka fizikia akikimbia. Mkononi ana boksi la halua ya mji wa Farsala, ile yenye ukoko wa sukari iliyoungua juu, kamwagiza rafiki yake amnunulie. Babu alikuwa anakula ule ukoko tu, halua yenyewe anatuachia sisi. Akasema, "Basi la Larisa linaondoka saa sita. Twende, nataka nimwambie mwenyewe." Baba na mama walikuwa wamekubaliana wamwambie nyumbani, mezani, taratibu. Lakini alikuwa keshaanza kutembea kuelekea stendi.

Nikamshika begi. Nikatoa pochi, nikampa ile karatasi.

Aliisoma akiwa amesimama. Nadhani aliisoma mara nyingi, maana haina maneno mengi. Halafu akasema, polepole, "Ijumaa saa nne. Nilikuwa naandika insha." Akaniangalia. "Wote mlikuwa naye, mimi naandika insha."

"Mimi sikuwapo," nikasema. "Nilikuwa hapa getini."

Akageuka kuangalia ule ukingo wa barabara kana kwamba angeniona pale nimekaa. Watoto walikuwa wanatoka, wanakumbatiana, mmoja anarusha makaratasi. Alikaa chini, na mimi nikakaa. Boksi akaliweka katikati yetu. Alilia muda mrefu bila sauti, nami nikamwacha, na mimi mwenyewe ndipo machozi yakaja, siku ya kumi na nne.

Halafu akafuta uso, akauliza, "Seli tatu?"

"Ni mimi."

"Supu?"

"Mimi."

"Ile ya kuruka swali? Leo nimeruka swali, Stergios. Nililiruka kwa sababu yake."

"Mimi."

Kila nikijibu uso wake unakuwa kama mtu anayepokonywa vitu mkononi kimoja kimoja. Nilitamani hata moja niseme ilikuwa yake. Akafikiria. Nikaona anaogopa kuuliza.

"Viatu?"

"Hiyo ni yake," nikasema. "Jumanne. Alitoa barakoa kwa ajili ya hiyo."

Vaia akanyoosha miguu barabarani, akaziangalia zile raba zilizochanika. Akainama, akafungua kamba moja, akaifunga tena vizuri, kisha ya pili. Tukaondoka na boksi la halua, si kuelekea stendi, wala nyumbani; tukashika njia ya makaburini.