Kijani cha Kila Jioni

Taa yenyewe haikuzidi ukubwa wa kizibo cha chupa, lakini mama aliipa heshima ya mgeni. Aliitandikia kitambaa cheupe juu ya kabati, akaipangusa vumbi kila asubuhi, na mtu akisimama mbele yake aliambiwa asogee, anaziba njia.

Aliyeileta ni mwanawe, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mjini, baada ya masikio ya mama kufunga kazi kabisa. Simu haikumfaa tena, na maandishi ya kwenye kioo chake aliyaona kama siafu wanaohama. Basi fundi akaiunganisha taa ya rangi na mtandao wa nyumbani, akatunga amri fupi za kuandika kwenye kompyuta ya kazini. Akiandika "taa kijani" na kubonyeza, kule nyumbani kijani kinawaka: niko salama, nakukumbuka. Buluu, nakuja Jumapili. Nyekundu, nimebanwa na kazi.

Mwanzoni aliandika mwenyewe kila jioni, na kila alipobonyeza moyo ulimlainika, kama mtu aliyebisha hodi akasikia karibu. Kisha jioni moja akasahau. Mama akakesha kitini, na kulipokucha jirani, mshonaji wa nguo, akampigia fundi simu akamwosha kavukavu kwa maneno. Fundi akaapa halitatokea tena, na hakusema uongo: aliiagiza kompyuta itume kijani yenyewe kila jua likizama, awepo asiwepo. Ilikuwa mistari miwili tu. Alijiona mjanja, hata akajipongeza kwa chai.

Toka hapo kweli hakusahau, kwa kuwa hakuna tena aliyehitajika kukumbuka. Buluu ikaadimika.

Jioni aliyofika bila taarifa, hakuwa amefunga safari ya kumwona mama. Alikuwa ametumwa kutengeneza mashine mtaa wa pili, akaona aibu kupita mlangoni bila kuingia. Alimkuta mama na jirani sebuleni, jirani akipinda gauni. Akawekewa chai.

"Mwambie," mama alimwagiza jirani, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "mwambie ninavyokutambia."

"Ananitambia mpaka sindano inanichoma," jirani akasema. "Wa kwangu ananikumbuka mambo yakimwendea kombo. Wa kwake, jua halijazama vizuri, keshabisha hodi."

Fundi akacheka. Kicheko kilikuwa bado mdomoni taa ilipowaka kijani.

Mama akainuka kwa mazoea. Akapitisha kiganja kwenye nywele, akalivuta gauni lake likae vizuri, akaipungia taa mkono. "Nami mzima, mwanangu," akaiambia. Mkono ulikuwa bado hewani alipokumbuka kwamba mwanawe ameketi nyuma yake.

Aligeuka taratibu. "Nionyeshe mikono."

Mikono ilikuwa imeshika kikombe. Simu yake ilikuwa upande wa pili wa chumba, inachajiwa.

"Kumbe una mikono mitatu, baba," jirani alisema, na alipoona hakuna anayecheka akainamia pindo lake, akashona kama anayekimbizwa.

Fundi akamgeukia mama ili aisome midomo yake. Alizoea kumsemesha polepole, neno baada ya neno. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ingembidi aitamke aibu yake kwa mwendo huo. "Inajituma yenyewe, mama. Niliogopa kusahau."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyokesha."

Mama alikaa. "Kwa hiyo nilipougua homa, nikashika ukuta nije niipungie..." Akaliacha neno lining'inie. "Hunioni, najua. Mimi si mjinga. Lakini nilijua uko huko, unabonyeza."

Uso wa fundi ulipata rangi ambayo hakuwahi kuitungia amri. Alitafuta la kusema, akapata maelezo tu, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna lililofaa kuwekwa mbele ya mama huyu aliyekuwa akiitengenezea mashine nywele zake.

Mama hakulia. Alikwenda kabatini, akachomoa waya. "Ipumzike," alisema. "Imefanya kazi ya mtu." Kisha akarudi kitini. "Kunywa chai, inapoa."

Kesho yake fundi aliifuta ile mistari miwili kabla hajavua koti. Jioni, wenzake walipokuwa wakiaga, akaandika kwa vidole vyake: taa kijani. Jibu likaja, kavu: kifaa hakipatikani. Jioni iliyofuata akaandika tena, na jibu likawa lile lile. Hata hivyo alilisoma hadi mwisho, kana kwamba huenda limebadili nia njiani.

Jumapili alikwenda. Mama alimpokea, akamlisha, akamtania kitambi chake. Habari ya taa haikuguswa, na hakuna aliyetazama upande wa kabati. Juma lililofuata kompyuta iliendelea kumwambia hakipatikani, naye akaendelea kuandika, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kusimama mlangoni.

Kisha jioni moja alibonyeza, akajiandaa kusoma, na hakikuja kitu. Mstari wa chini ulikuwa mtupu, kialama cha kuandikia kikiwakawaka mwanzoni mwake. Kompyuta hizi ndivyo zilivyo: zikikataa hueleza, zikitii hukaa kimya. Waya ulikuwa umerudishwa.

Fundi hakugusa tena kibao cha herufi. Alikaa mikono mapajani, akiutazama ule utupu, asijue kama kule nyumbani kuna mtu aliyeinuka kitini, au taa inawaka mbele ya kiti kitupu.