Simba Aliyepiga Miayo

Simba alipiga miayo, akalala. Hapo ndipo mwalimu wa hesabu alipojua kwamba anachezewa shere.

Kiroboto, yule mwizi mwembamba ambaye mwalimu amekuwa akimcheza mchezoni kwa miaka minne, alikuwa ameingia kwenye kizimba cha mfalme bila silaha, bila mpango na bila sababu, akamzaba kibao simba mwenye njaa. Mwaka jana, kwa upuuzi mdogo kuliko huo, msimulizi angemtafuna Kiroboto mpaka kandambili. Leo eti simba ana usingizi.

"Ulisema ana siku tatu hajala," mwalimu alisema.

"Nilisema?" Msimulizi alikuwa ameinamia karatasi zake. "Basi tumbo linamsumbua."

Msimulizi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na duka lake la kupiga chapa ndilo lililokuwa uwanja wao kila Jumamosi mchana. Walisukumia ukutani mashine ya kukatia karatasi, wakakaa wanne kuzunguka meza ya kujalidia vitabu: mwalimu, dada, shemeji, na fundi baiskeli wa duka la jirani, mtu mwenye mdomo usio na breki. Mchezo wenyewe ni wa maneno. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na karatasi inayoonyesha nguvu na udhaifu wa mtu huyo. Msimulizi anaeleza ulimwengu unawatendea nini, na penye shaka dadu yenye nyuso ishirini inaamua. Dadu ya msimulizi hurushwa nyuma ya kifuniko cha boksi, anaiona yeye peke yake. Ni watu wazima wenye kazi zao, naam, na asiyependa aende akaangalie mpira.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuamini bahati. Kwenye daftari lake la miraba aliandika kila kitu, na daftari lilikuwa linasema hivi: tangu Jumamosi iliyopita Kiroboto ameshambuliwa mara kumi na moja, kwa mishale, visu na chui mmoja, na hajapata hata mkwaruzo. Kila shambulio lilikuwa nusu kwa nusu. Alipiga hesabu. Jambo la namna hiyo hutokea mara moja katika elfu mbili na ushee. Katika muda huohuo, jambazi wa fundi baiskeli alikuwa amepoteza sikio, farasi na mchumba.

Kulikuwa na mengine pia. Leo dada alimvutia kiti chenye mgongo, kile asichokubali kumwachia mtu. Shemeji, ambaye kwa miaka kumi hajawahi kumsalimia bila kumtania, alimwambia "habari za nyumbani" kwa adabu, kana kwamba amekuja kukagua duka. Machale yalimcheza mwalimu tangu mlangoni.

Kama si ule uvimbe, angecheka tu. Wiki mbili zilizopita daktari alimkata kipande kidogo cha nyama kwenye titi la kushoto, akakitia kwenye kichupa, akamwambia majibu ni Jumanne hii inayokuja. Kichupa kilipelekwa maabara ya hospitali ileile, na kwenye maabara hiyo, mbele ya darubini, ndipo anapofanya kazi dada yake. Dada aliapa. "Faili lako siligusi, mdogo wangu. Utaambiwa na daktari kama watu wote." Mwalimu alimwamini mpaka mishale ilipoanza kumkwepa Kiroboto.

Alijitafutia sababu nyingine. Labda shemeji amechoka. Labda anamtunza Kiroboto kwa ajili ya kisa kikubwa cha mbele. Hakuna hata moja iliyomtuliza. Huyu mtu alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mkewe anajua, na wote wawili wamekaa hapo wanamwangalia kwa macho ya msibani.

"Namzaba tena," alisema.

"Ondoka kizimbani, mdogo wangu," dada alisema. "Mlango uko wazi."

"Namzaba tena. Na safari hii nataka kanuni ya nne."

Kanuni ya nne ilitungwa na dada mwenyewe. Mara moja kwa mwaka, mchezaji anaweza kudai dadu ya msimulizi irushwe hadharani, na itakalosema halifutwi. Ni kanuni hiyo iliyomuua mganga, mtu wa zamani wa fundi baiskeli, na fundi alipobembeleza, dada ndiye aliyekataa katakata.

"Ya nini yote hayo, shemeji?" msimulizi aliuliza. "Simba kashalala."

"Mganga wangu hakuulizwa ya nini," fundi baiskeli alidakia. "Rusha, bwana."

Msimulizi aliondoa kifuniko polepole. "Sita kwenda juu, simba anaua," alisema kwa sauti ndogo, akarusha. Dadu iligonga rula ya chuma, ikasimama kwenye kumi na tisa.

"Pole, mwalimu," alisema fundi baiskeli. "Kiroboto ndiyo basi tena."

Msimulizi hakumtazama mwalimu. Alimtazama mkewe.

"Rusha tena," dada alisema.

"Lakini kanuni..." fundi alianza.

"Nimesema rusha tena." Sauti ilimkatika katikati.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Umeyaona lini majibu yangu, dada?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita. Kichupa kililetwa mezani kwangu. Ningeweza kumpa mwenzangu akisome. Nilishindwa."

"Ukamwambia mumeo."

"Sikumwambia kitu. Nilimwomba asimuue Kiroboto. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia asiniulize."

Mwalimu alimgeukia shemeji, tayari kummaliza kwa maneno, akakuta mtu amebaki mdomo wazi. Hakuwa anajua. Siku zote hizo alikuwa anamwokoa Kiroboto bila kuambiwa anamwokoa na nini. "Mimi nilidhani mmegombana," alisema, "nikaona nisitie petroli."

Mwalimu alikasirika. Alikasirika kama mtu aliyefichwa jambo la mwili wake mwenyewe, na dada aliyekuja kwake Jumapili akala, akacheka, akaosha vyombo, akaondoka. Chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ulikuwa mkubwa zaidi.

"Nipe namba," alisema.

"Mimi si daktari."

"Na mimi ni mwalimu wa hesabu. Nipe namba."

Dada alijifuta pua kwa kiganja. "Imeonekana mapema. Kwa ninavyosoma mimi, kwa hatua hii, wanapona saba kati ya kumi."

Saba kati ya kumi ni kumi na nne kati ya ishirini. Mwalimu hakutaka kuipiga hesabu hiyo, ilijipiga yenyewe. Saba kwenda juu, anapona. Dadu ilikuwa palepale kando ya rula. Aliiokota, akaikunja kwenye ngumi.

"Usirushe," dada alisema.

"Naangalia tu."

"Usirushe, tafadhali."

Fundi baiskeli, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa hajaelewa vizuri kinachoendelea, alinyoosha mkono wake wenye grisi juu ya meza, akaufungua, akangoja. Hakusema neno, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Mwalimu alimtazama, kisha akaiweka dadu kwenye kiganja hicho. Fundi aliitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Nje kulikuwa na mtu anajaza upepo tairi.

"Jumanne nitakwenda na nani?" mwalimu aliuliza. Aliuliza kwa ukali, kwa sababu angeuliza kwa upole angelia.

"Na mimi," dada alisema. "Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Lini?"

"Ijumaa ileile. Kabla sijatoka kwenye darubini."