Tundu la Pini Nyeusi

Ramani ya ofisi ile ilikuwa kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili, na ilikuwa na mlinzi wake. Mlinzi huyo alikuwa dada mmoja mpanga safari, mwembamba, mwepesi wa kukasirika, ambaye madereva walimbandika jina la Mama Pini kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa ramani hiyo. Mbele ya ramani ndipo wageni walipoletwa kuchagua siku zao ndani ya hifadhi: wapi watalala, wapi watatazama viboko, wapi watakula. Pini za kijani zilionyesha simba walipoonekana juzi. Za njano zilionyesha barabara zenye tope. Nyeusi ilikuwa moja tu, na hiyo wageni hawakuelezwa. Ilikuwa ya kuambiana wenyewe kwa wenyewe: hapa msikanyage.

Pini hiyo ilikuwa ya tembo dume ambaye askari wa wanyamapori walimwita Mwenye Waya. Mtego wa majangili ulimnasa mguu wa mbele, akaung'oa na kuondoka nao, waya ukazama kwenye nyama na kidonda kikaoza. Tangu hapo hakutaka kuona mtu wala kumnusa. Alikwisha kulipindua gari la doria likiwa na askari wanne ndani, na mmoja wao hadi leo anatembelea magongo. Daktari wa wanyama alikuwa anasubiriwa. Mpaka afike, askari walipiga simu kila Jumatatu asubuhi kueleza yule dume amehamia wapi. Mama Pini aling'oa pini, akaichomeka mahali papya, kisha akaandika kwenye daftari. Mwisho ramani ikawa na vitundu vingi, mtu akitaka angeweza kufuata mizunguko ya yule mnyama kwa kidole.

Jumanne ya wiki hiyo bosi alileta fundi rangi. Mama Pini alikuja juu, akasema msimu wa wageni si wakati wa kupaka kuta, lakini bosi akishaamua jambo ndiyo basi tena. Ikabidi azing'oe pini zote, azitie kwenye kikombe. Jioni ramani iliporudi ukutani, kichwa kikimgonga kwa harufu ya rangi, alianza kuzirudisha moja moja. Za kijani na za njano zilikwisha upesi. Nyeusi akataka kwanza kutazama daftari, daftari halikuonekana, lilikuwa limepotelea chini ya manailoni ya fundi. Akapapasa karatasi kwa ncha ya kidole mpaka akapata tundu lililolegea, pale Kona ya Tatu ya mto. Pini ikaingia bila kusukumwa. Alijiambia kesho atahakikisha.

Kesho ikaja na simu zake na wageni wake, na hakuhakikisha. Sitamtetea. Alikuwa amezoea mno kuwa sahihi.

Alhamisi waliingia walimu wawili wastaafu, wanawake mapacha, wamevaa kofia mpya za jua ambazo bado zilikuwa na vibandiko vya dukani. Mkubwa alikuwa amemtangulia mwenzake kuzaliwa kwa robo saa, na hakuwa ameacha kumkumbusha.

"Sisi hatutaki kukimbizwa kimbizwa," alisema Pacha Mkubwa. "Tunataka tukae mahali, tule chakula chetu taratibu, tuone maji."

"Na kuwe na kivuli," alisema Pacha Mdogo.

"Kivuli nimeshakisema."

"Hujakisema, umesema maji."

Dereva wao akacheka. Alikuwa mdogo wake Mama Pini, tumbo moja, baba mmoja. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia kazi hapo hapo ofisini. Wenzake walimwita Dakika. Ukimpangia kufika saa nne, saa nne anafika, hata kama itambidi asimame nyuma ya kichaka dakika tatu ili asiwahi. Ratiba ya dada yake aliifuata kama mgonjwa anavyofuata saa za dawa.

"Kona ya Pili ni pazuri," Dakika akasema, akionyesha kwa mbali maana kugusa hakuruhusiwa. "Kuna meza za mawe, miti mikubwa, na watu wanaruhusiwa kushuka garini. Au vipi, dada?"

Mama Pini aliitazama ramani. Pini nyeusi ilikaa Kona ya Tatu, mwendo mrefu kutoka pale. Hata hivyo kitu fulani kilimkereketa, kama unavyotoka nyumbani ukahisi umeacha jiko linawaka. Akasogea karibu, akatazama tena. Hakuona kasoro.

"Una uhakika?" Dakika aliuliza.

"Lini nilikupeleka pabaya mimi?"

"Hujawahi."

Basi akaandika kwa mkono wake: Jumamosi, saa saba kamili mchana, chakula, Kona ya Pili, wageni washuke na wapumzike.

Jumamosi waliondoka alfajiri. Saa tano na nusu Mama Pini aliamua kufanya usafi, kwa kuwa fundi rangi alikuwa amemaliza na kuacha takataka zake zote. Alilivuta nailoni lililokuwa nyuma ya kabati, na daftari likaanguka miguuni pake, jalada lake limegandiwa na matone ya rangi nyeupe. Alilipangusa, akalifungua kwa mazoea tu.

Jumatatu. Mwenye Waya ametoka Kona ya Tatu alikokaa wiki tano. Sasa yuko Kona ya Pili, kwenye miti mikubwa. Amelala hapo siku mbili, hataki kuondoka.

Mwandiko ulikuwa wake, wa kuandika haraka huku akili iko kwenye simu nyingine.

Alikwenda ukutani. Pale Kona ya Pili, ukiinamisha kichwa na dirisha likiwa nyuma yako, palikuwa na kitundu kimoja kidogo, cha siku moja tu. Lile la Kona ya Tatu lilikuwa limelegea kwa sababu pini ilikaa humo wiki tano. Akanyakua simu.

Simu ya Dakika haikupatikana, ndani ya hifadhi hakuna mtandao. Akakimbilia redio ya mawasiliano, akabonyeza kitufe, akaita. Redio ilikoroma tu. Alijua kwa nini: kuanzia langoni barabara inashuka bondeni, na bondeni redio haisikii kitu mpaka gari lipande ukingo wa mto. Ukingo huo ni Kona ya Pili yenyewe.

Akapiga langoni.

"Wamepita muda mrefu," alisema askari wa zamu. "Wako vizuri, wale kina mama wanabishana tu."

"Ulimwambia habari za yule dume?"

"Nimwambie nini tena? Si tuliwapigia wenyewe Jumatatu? Nilimuuliza unajua alipo, akasema dada ameshapanga kila kitu."

Mama Pini alimweleza. Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikisukumwa.

"Doria iko ng'ambo ya vilima," askari alisema. "Naituma sasa hivi. Lakini kabla ya saa nane haifiki."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Mama Pini alivuta kiti mbele ya redio na kuanza kuita. Aliita, akaachia kitufe, akasikiliza mkoromo, akaita tena. Kwa mara ya kwanza maishani alimwombea mdogo wake pancha. Alimwombea tope, alimwombea gari lizime, alimwombea wale mapacha wagombane mpaka mmoja akatae kuendelea. Watu wote duniani huchelewa. Mungu wangu, naye achelewe leo, hata saa moja tu.

Saa saba kamili redio ikakohoa.

"Mama Pini, Mama Pini, Dakika hapa!" Sauti ilikuwa na furaha tupu. "Tazama saa yako, uniambie kama nimechelewa!"

"Rudini garini!" alipiga kelele. "Rudini garini sasa hivi!"

Lakini redio zile huongea mtu mmoja kwa wakati. Aliyebonyeza kitufe hasikii kitu mpaka akiachie, na Dakika alikuwa hajakiachia. Akipewa redio huyo hana breki, siku zote dada yake humtania hivyo.

"Wageni wameshashuka. Mwalimu mkubwa amechagua meza, mdogo ameikataa, sasa wanakwenda kwenye ile ya mbali chini ya miti. Mahali pametulia, dada, hata ndege hawalii leo. Kuna harufu kidogo, kama mzoga, nafikiri fisi wameacha kitu. Nitaangalia kabla hawajakaa."

"Achia kitufe," Mama Pini alisema huku analia. "Mdogo wangu, nakuomba, achia kitufe."

"Ngoja kwanza."

Tawi lilivunjika, tawi nene, na mmoja wa wale mapacha akauliza jambo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama Pini alimsikia mdogo wake akivuta pumzi. Alipoongea tena ilikuwa kwa kunong'ona, mdomo umegusa redio.

"Dada. Ile pini nyeusi uliiweka wapi?"

Kisha akaachia kitufe, akasubiri jibu.