Mistari Myeupe ya Kaka

Asubuhi ya kikao cha kuamua kosa la ajali ni la nani, Nanga alifika kazini mlinzi akiwa bado anapiga mswaki. Hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja uani, kwenye lori lake, akachuchumaa mbele ya gurudumu la nyuma kama mtu anayemwamkia mgonjwa.

Jina la Nanga alipewa na wapakiaji, kwa sababu katika miaka sita ya kuendesha hakuwahi kuteleza. Tangu ajali ya juzi walilitamka wakitazama pembeni.

Lori lile lilikuwa la njia mbili, nusu ya safari lami, nusu mchanga. Lilipeleka mabomba na pampu kwenye visima vilivyo mbali na barabara. Mchangani tairi lililojaa huzama, kwa hiyo dereva hupunguza upepo mpaka tairi lijilaze kama godoro kuukuu. Tairi legevu namna hiyo lingechomoka kwenye rimu kona ya kwanza tu, kama halijashikwa. Ndiyo maana magurudumu yale yalikuwa na pete nene ya chuma upande wa nje, iliyobana ukingo wa tairi kwa boliti ishirini na nne. Mchangani pete ile ni mkombozi. Kwenye lami inataka kuangaliwa kama mtoto mchanga, maana mtikisiko hulegeza boliti moja moja, kimyakimya, bila kupiga kelele hata siku moja.

Basi kila lori liliporudi, fundi alikaza boliti zote upya kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tiki" boliti inapofika mahali pake. Kisha alichora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha boliti mpaka kwenye pete. Boliti ikizunguka hata kidogo, mstari unavunjika, na dereva anauona kabla hajawasha gari.

Fundi mwenyewe alikuwa kaka yake Nanga, wa tumbo moja. Ndiye aliyemfundisha kushika usukani, na ndiye aliyemwambia, "Mistari yangu ikinyooka, mdogo wangu, we lala usingizi."

Na alilala. Kila alfajiri alizunguka lori, akaona mistari imenyooka, akapanda. Hata siku ile mistari ilinyooka. Lakini kwenye mteremko, lami tupu, tairi la mbele kushoto lilitapika upepo wote mara moja. Pete ilifyatuka ikapotelea bondeni, na lori likaingia mtaroni. Mpakiaji wake, waliyemwita Profesa kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa vipuri, alivunjika mtulinga. Bado alikuwa hospitali, dawa zimemlaza, hajui asubuhi wala jioni.

Kuna maelezo mawili tu ya tairi kuchomoka hivyo. Ama boliti zililegea, ama dereva alitoka mchangani akasahau kurudisha upepo. Nanga aliurudisha. Profesa ndiye aliyemsomea geji kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Jana jioni kaka alikuja kwake, akala, akasifu mchuzi, akambusu mpwa wake kichwani. "Usijali," alisema akinawa mikono. "Kesho nitakusimamia."

Sasa, pale uani, Nanga alipitisha ukucha juu ya mstari mweupe wa boliti ya kwanza.

Rangi ilibanduka yote, kama gamba la kidonda. Chini yake kulikuwa na vumbi. Vumbi jekundu la visimani, limeganda, halijaguswa. Akajaribu boliti ya pili, ya tatu, ya kumi. Vumbi. Boliti iliyoshikwa na spana hukwanguliwa ikang'aa pembeni, hilo kila mtu wa gereji analijua. Hizi hazikushikwa. Zilichorwa tu.

Alibaki amechuchumaa mpaka aliposikia anaitwa ofisini.

Meneja, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakupenda maneno mengi. "Fundi, sema."

Kaka alisimama. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Hakumtazama Nanga.

"Boliti nilikaza zote, mama. Mistari ilinyooka, hata yeye ni shahidi. Inaniuma kusema, huyu ni damu yangu. Lakini tairi halichomoki bure. Alitoka mchangani na haraka zake, akasahau kujaza."

Nanga alihisi kama mtu amemfungulia mlango wa gari likiwa mwendoni.

"Dereva?" meneja aliuliza.

Angeweza kusema habari ya vumbi. Kaka angesema ni la njiani, kwamba mvua na matope hufika kila mahali. Ulimi wa kaka haukuwahi kukwama, hata utotoni sahani ilipovunjika ni Nanga aliyechapwa.

"Mimi sina neno, mama. Kama fundi anasema zimekazwa, zimekazwa. Mbele kushoto wameweka gurudumu la akiba. Matatu yaliyobaki ni yaleyale, na mistari yake ileile. Naomba niendeshe mpaka chini ya ule mteremko na kurudi, mwendo wangu wa kawaida, fundi akiwa kando yangu. Tukirudi salama, chukua funguo, nami sitarudi tena hapa."

Meneja alivua miwani. "Fundi, una pingamizi?"

"Pingamizi gani? Ila... leo nina kazi za watu."

"Robo saa tu," alisema meneja.

Wakatoka. Wapakiaji waliacha walichokuwa wakifanya. Nanga alipanda, akawasha injini, akaegemea upande wa pili na kufungua mlango wa abiria.

"Panda, kaka."

Kaka alisimama na mkono mmoja kwenye mlango. Macho yake yalishuka kwenye gurudumu la nyuma, kwenye boliti zilizobanduliwa rangi, yakabaki hapo.

"Mistari si imenyooka?" Nanga aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo, si kama alivyoipanga. "Mimi nimepandia mistari hiyohiyo kila alfajiri. Panda basi."

"Fundi, panda bwana, au unaogopa vumbi?" mpakiaji mmoja alipayuka, wengine wakacheka. Kicheko kilikufa chenyewe.

Kaka alirudisha mguu chini.

"Spana ya kipimo ilivunjika," alisema kwa sauti ya chini. "Niliitumia kugongea ekseli. Niliona aibu kuomba nyingine."

"Lini?"

"Miezi miwili."

Nanga alizima injini. Miezi miwili. Safari ngapi hizo? Mara ngapi Profesa alisinzia kando yake mdomo wazi? Na siku ile mwanawe alipougua, akambeba kwenye lori hili hili kumpeleka kliniki, kaka ndiye aliyemfunga mkanda mtoto, akagonga bodi mara mbili kuwaaga.

"Yote hayo ningekusamehe," alisema. "Uvivu wako, aibu yako, ningekusamehe. Lakini jana umekula kwangu."

Kaka alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Nanga aliona ulimi ule umekwama.

Meneja alimwambia kaka aache funguo za gereji mezani, kisha akamtuma mtu mjini kuleta spana mpya. Kwa Nanga alisema tu, "Kazi yako ipo." Ilikuwa habari njema, naye aliipokea kama anayepokea mzigo wa mtu mwingine.

Spana ilipofika hakumsubiri fundi mgeni. Alifuta vumbi kwa kitambaa, akaanza kukaza kwa kuvusha, boliti hii kisha ya mkabala wake, kama alivyofundishwa. Ya kwanza ilizunguka karibu duara zima kabla ya kulia tiki. Alijua ni nani aliyemfundisha, na hilo ndilo lililomfanya alie, si ajali, si mteremko.

Alipomaliza alichukua kopo la rangi. Mistari yake ilitoka imepinda. Akaiacha hivyohivyo, akaenda kumtazama Profesa.